Kabla Kilebu Hajaingia Nyumbani: Namna ya Kumtambua Mfugaji wa Kuaminika

Familia nyingi mijini hununua mbwa kwa ajili ya ulinzi, na nyingine hufuga paka kwa sababu ya panya au kwa kuwa watoto wamemwomba. Mara nyingi mazungumzo ya ununuzi huishia kwenye bei, rangi na mbegu ya mnyama. Suala la afya huja baadaye, mnyama akiwa amekwishazoea kucheza na watoto. Makala haya yanaeleza kwa nini suala hilo linapaswa kutangulia, na mambo ya kumuuliza mfugaji kabla ya kumchukua kilebu, yaani mtoto wa mbwa, au mtoto wa paka.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyopatikana katika mate ya mnyama mgonjwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia, na kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutokana na mbwa. Takriban asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15.

Wapo wanaodhani kwamba kilebu hawezi kuwa na ugonjwa huu kwa kuwa ni mdogo. Dhana hiyo si sahihi. Kilebu aliyeng'atwa na mbwa mgonjwa huweza kuambukizwa, na mkwaruzo wa meno yake au mate yake kwenye kidonda huweza kumwambukiza binadamu. Kwa kawaida chanjo ya ugonjwa huu hutolewa kilebu anapofikisha umri wa wiki 12, ilhali wengi huuzwa wakiwa na wiki 8 au pungufu. Kwa hiyo, katika wiki hizo za mwanzo, usalama wa familia hutegemea zaidi mahali kilebu alikozaliwa na namna alivyotunzwa. Ndiyo maana ni lazima kumchunguza mfugaji kabla ya kumchagua kilebu.

Mambo ya kuchunguza kwa mfugaji

Kwanza, omba kumwona mama pamoja na kadi yake ya chanjo. Kadi iwe na tarehe, aina ya chanjo, na jina na sahihi ya daktari wa mifugo. Kwa Tanzania, madaktari hao husajiliwa na Baraza la Veterinari, hivyo ni halali kuuliza kama aliyetoa chanjo amesajiliwa. Muuzaji wa barabarani, au dalali asiyejua mama yuko wapi, hawezi kukuthibitishia lolote kuhusu afya ya kilebu.

Pili, tazama mazingira. Banda liwe safi, na uzio uwe imara kiasi cha kuwazuia mbwa wazururao kuingia.

Tatu, uliza umri. Haifai kumtenganisha kilebu na mama yake kabla ya wiki 8. Katika kipindi hicho hujifunza kutoka kwa mama na nduguze kutong'ata kwa nguvu, funzo lenye manufaa makubwa katika nyumba yenye watoto.

Nne, uliza kuhusu dawa za minyoo. Vilebu wengi huambukizwa minyoo aina ya toksokara wakiwa bado tumboni mwa mama, na minyoo ya safura ya mbwa huweza kupita katika maziwa. Kwa sababu hiyo, dawa huanza kutolewa kilebu akiwa na wiki 2 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi aachishwe kunyonya. Mtoto anayecheza kwenye udongo akameza mayai ya toksokara huweza kupata madhara ya ini, mapafu, au jicho hata kupoteza uwezo wa kuona. Mayai hayo huhitaji wiki kadhaa kwenye udongo kabla ya kuweza kuambukiza. Hivyo kuondoa kinyesi kila siku ni kinga thabiti.

Kuhusu paka

Paka naye huweza kupata kichaa cha mbwa, hivyo achanjwe. Aidha, paka mdogo aliyeambukizwa vimelea vya toksoplasma kwa mara ya kwanza huvitoa katika kinyesi kwa wiki 1 hadi 3. Vimelea hivyo huanza kuwa na uwezo wa kuambukiza baada ya siku 1 hadi 5. Chombo cha mchanga anamojisaidia kisafishwe kila siku, na kazi hiyo isifanywe na mama mjamzito, kwa kuwa maambukizi mapya huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Baada ya kununua

Mpeleke mnyama kwa daktari wa mifugo katika siku za mwanzo, na uhakikishe anapata chanjo ya kichaa cha mbwa kwa wakati na kurudiwa kama atakavyoelekezwa. Mtu aking'atwa au kukwaruzwa, hata na kilebu wa nyumbani, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asisubiri kuona kama mnyama ataugua, na akianzishiwa chanjo, amalize dozi zote.

Mfugaji mwaminifu hachukizwi na maswali haya; naye hukuuliza mnyama atalala wapi na nani atamtunza. Anayekataa kumwonyesha mama au kadi, aachwe, hata kama watoto wamekwishampa kilebu jina.