Kusikia Sauti na Kusikia Maneno: Namna ya Kupanga Kaski ya Foni

Sema neno hili: «anakupa». Sasa sema: «anakufa». Tofauti ni herufi moja tu. Mukikaa uso kwa uso, hakuna shida. Lakini pa foni, magaribi, wakati radi inapiga mbali, p na f zinafanana sawa mapacha. Jamaa inaweza kuanza kulia matanga juu ya mutu ambaye alitaka tu kuwatumia mufuko wa muhogo.

Miaka ya 1990, simu za waya zilipokuwa zimekufa pa sehemu nyingi za inchi yetu, foni njo ilibeba habari za wagonjwa, za ndoa na za bei ya mihindi. Kisha miaka ya 2000 simu za mukononi zilikamata nafasi yake mu miji. Hata hivyo posti hazikutupwa zote, na waamateri wa radio wako, wale ambao alama yao ya wito mu Kongo inaanza na 9Q. Leo hatuzungumze juu ya antene. Tunazungumza juu ya kitu ambacho wengi wanakizarau: kaski, na namna ya kupanga sauti inayoingia ndani yake.

Ujue kwanza foni inabeba nini. Mu BLU, ile Waingereza wanaita SSB, posti inapitisha sauti toka karibu hertzi 300 mpaka karibu 3 000, basi. Sauti nzito ya mwanaume inaanza chini, karibu 100 ao 120. Hiyo haipite, ubongo wako njo unaijaza wenyewe, na wewe unazani umeisikia. Vokali a, e, i, o, u ziko na nguvu mingi pa upande wa chini, na zinafanya sauti ionekane kubwa. Lakini t, k, p ni zaifu na ziko upande wa juu. Na s na f, sehemu yao kubwa iko juu ya 3 000, pale foni imekwisha kukata. Kwa hiyo ile kidogo inayobakia kati ya 1 500 na 3 000 ni mali. Inabeba maneno.

Sasa angalia kaski inayouzishwa ku soko. Mingi ilitengenezwa kwa muziki: basi inavuma, na juu inapiga ssss. Kwa foni ni kinyume cha ile tunatafuta. Basi inafunika konsona, tena inaleta mungurumo wa kura ya hertzi 50 na 100.

Mbele ya kugusa egalizeri, kuna mambo inafaa kumaliza. Angalia fishi. Ukiingiza kaski ya stereo mu tundu la mono la posti ya zamani, unasikia sikio moja tu. Kinyume chake, fishi ya mono mu tundu la stereo inaweza kufunga njia ya upande mumoja na kuchosha amplifika. Adapta ndogo inamaliza maneno hayo. Kisha panga frekansi sawasawa: kama mwenzako anasema sawa bata, ni frekansi imetoka kidogo, na egalizeri haiwezi kuponya bata. Zungusha buto ya RIT mpaka sauti inakuwa ya mutu. Zima pia taa za LED na regilateri ya sahani za jua kwa dakika moja, moja moja, usikilize kama kelele inapunguka. Utashangaa.

Halafu kuna buto mbili ambazo watu wanazichanganya: AF na RF. AF ni ukubwa wa sauti mu kaski. RF ni uwezo wa posti kunyakua mawimbi. Mu wakati wa mvua, kwetu toka Novemba mpaka Marsi, kelele ya radi ni kali zaidi mu frekansi za chini kama 3,5 na 7 megahertzi. Wengi wanaacha RF pa mwisho na kupigana na AF. Jaribu kurudisha RF nyuma kidogo kidogo: kelele inashuka, mutu anabakia.

Sasa egalizeri. Sheria yangu: kata mbele ya kuinua. Shusha kila kitu chini ya 300. Acha katikati pale ilipo. Inua pole pole kati ya 1 500 na 2 500, desibeli 3, ikilazimu 6, isizidi. Juu ya 3 000 kata tena, maana kule hakuna mutu, ni pumzi ya posti tu. Posti kama Kenwood TS-2000 ziko na mipango hii ndani ya menyu. Kama yako haina, egalizeri ndogo ya kipoza muziki katikati ya posti na kaski inatosha.

Usipange ukisikiliza mutu mwenye nguvu. Huyo anasikilika hata mu ndoo. Panga kwa yule zaifu. Mutu asome namba na majina, wewe uandike, kisha mulinganishe. Badilisha kitu kimoja tu kila mara.

Na hapa, wana wa wafanyakazi wa migodi, sikieni vizuri. Wengi wenu muko na baba aliyesimama miaka mingi karibu na mashine ya kuvunja mawe. Kelele hiyo inaharibu kwanza usikizi wa karibu hertzi 4 000, na majirani yake. Baba anasema: «Nasikia unasema, lakini sijue unasema nini.» Watoto wanacheka ao wanakasirika, na kuongeza AF. Wanaongeza vokali, ambazo hakuzikosa. Yeye anahitaji 2 000 na 2 500 ziinuliwe, basi ishushwe, na mwenzake aseme pole pole. Kwa jina gumu, aseme Papa ao Foxtrot.

Musimupe kaski yenye sauti kali. Desibeli 85 kwa saa 8 kila siku ni mupaka. Pa 88 saa ni 4 tu, pa 91 ni 2. Mulipuko wa radi ndani ya kaski unapita hapo mara moja.

Kama posti ni ya watu wawili, kila mumoja aandike namba zake pa karatasi na aibandike pembeni. Masikio ya mutoto na ya babake hayapangwe sawa.