Askari Katika Sarafu za Shaba za Rumi

Ndugu askari wa jeshi na polisi, katika makala haya twatazama sarafu za shaba za Rumi ya kale, kwa kuwa askari mwenzenu ameonekana humo mara nyingi sana. Dhahabu na fedha zilikuwa za malipo makubwa. Shaba ndiyo iliyonunua mkate na divai sokoni, na kwa njia hiyo sura ya Kaisari ikafika katika kila mkono.

Kaisari Gaius, aitwaye Caligula, aliyetawala tangu mwaka 37 hadi 41, alitoa sarafu kubwa inayomwonyesha yu jukwaani, ameinua mkono, akiwahutubia askari wenye ngao na bendera. Kwa desturi shaba ilitiwa herufi S C, yaani kwa amri ya Seneti. Sarafu hii haina. Kaisari asema na askari wake, wala hapana mtu wa tatu. Mnamo Januari 41 aliuawa, na miongoni mwa waliomwua alikuwamo Cassius Chaerea, ofisa wa walinzi wake mwenyewe.

Lakini sarafu iliyotushughulisha zaidi ni ya Nerva. Mzee huyu alishika madaraka mwaka 96, baada ya Domitian kuuawa. Domitian alipendwa na askari, maana aliupandisha mshahara wao wa mwaka kutoka dinari 225 hadi 300; Nerva hakujulikana kwa vita. Basi akatoa sarafu yenye mikono miwili iliyoshikana, na maneno CONCORDIA EXERCITVVM, maana yake Umoja wa Majeshi. Mwaka 97 walinzi wakaasi, wakamzingira jumbani, wakadai wapewe waliomwua Domitian; wakapewa, wakawaua. Kwa maoni yetu mikono ile haikutangaza umoja uliokuwapo, ilikuwa ikiuomba. Haukupita muda Nerva akamfanya Trajan, kamanda wa majeshi huko Germania, kuwa mwanawe wa kupanga na mrithi wake.

Katika miaka ya 330 Constantine alitoa sarafu ndogo yenye maneno GLORIA EXERCITVS, Utukufu wa Jeshi, iliyogongwa mahali pengi, toka Trier hadi Iskandaria. Askari wawili wasimama na mikuki na ngao, bendera mbili zi katikati yao. Yapata mwaka 335 sarafu ikapunguzwa uzito, na bendera zikawa moja. Askari wakabaki wawili, kila mmoja akimwelekea mwenziwe.