TUJIKINGE NA MOTO MAJUMBANI



Huku kwetu Kilosa na Mikumi nyumba nyingi hupikia kuni kwenye mafiga, au mkaa kwenye jiko la chini. Hapo sufuria ya uji huwa usawa wa mkono wa mtoto anayetambaa. Ndiyo maana watoto wa chini ya miaka 5 huungua sana kwa maji, chai na uji wa moto. Maji ya nyuzi 60 tu, kabla hata hayajachemka, huunguza ndani ya sekunde chache.

Basi tufanye haya:

1. Jiko tuliweke pembeni, pasipo njia, na tulizungushie matofali.
2. Anayepika asibebe mtoto mgongoni.
3. Tusitie mafuta ya taa kwenye koroboi inayowaka.
4. Tuzime moto kabla ya kulala. Nyumba iliungua Madina usiku, na Mtume (s.a.w.) akaamrisha hivyo; Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim.

Mtu akiungua, tummwagie maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Bomba likiwa mbali, ndoo na kopo vinatosha. Tusipake dawa ya meno, majivu wala yai, kwani huleta uchafu kwenye kidonda. Tufunike kwa kitambaa safi, twende kituo cha afya.

Jioni za Ramadhani, futari ikipikwa kwa haraka, wakubwa tuwashike wadogo.