Gramu Kumi na Tano Kabla ya Kufika Nyumbani

Mazoezi ya jioni yakiisha, vijana wa timu za shule Kampala huvuka barabara moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha chapati. Wazazi wengi hukitazama kibanda hicho kwa jicho baya, halafu wenyewe hununua kopo la poda ya protini kwa bei inayoumiza. Mimi naona wamemwonea bure mpika chapati.

Tupige hesabu. Mwanamichezo anayejituma huhitaji protini gramu 1.2 hadi 2 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Kijana wa kilo 55, basi, asikose gramu 66. Misuli huitumia vizuri zaidi ikija kidogo kidogo kutwa nzima kuliko kurundikwa kwenye sahani ya usiku, kwa hiyo kitafunwa cha jioni chenye gramu 15 hivi kimemaliza kazi. Soda haina hata chembe, na andazi moja la kuisindikiza haliongezi kitu cha maana.

Sasa mtazame mtu wa rolex, ile chapati ya mayai, kule Wandegeya. Anavunja mayai ndani ya kikombe cha plastiki, anatupia kitunguu, nyanya na kabichi, anakoroga kwa uma, anamimina kwenye chuma cha moto kisha anafunika kwa chapati. Kila yai lina gramu 6. Mayai mawili na chapati yenyewe, tayari umevuka 15. Ila simama umwangalie anavyopika, maana mwenye haraka huvunja yai moja akalitandaza hadi likaonekana mawili. Mwambie pia apunguze mafuta. Rolex iliyolowa mafuta ikiliwa muda mfupi kabla ya mechi hukaa tumboni kama jiwe.

Asiye na pesa ya mayai aagize kikomando: chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage. Kikombe kizima cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi. Unga wa ngano una upungufu wa laisini, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea; maharage yanayo tele, lakini yana methionini kidogo, nayo ngano huifidia. Posho, yaani ugali, na maharage ya shuleni hufuata kanuni hiyohiyo, shida ni kwamba mara nyingi posho ni mlima na maharage ni mchuzi. Wala chapati yenyewe isidharauliwe: mwili ukikosa wanga huichoma protini kama kuni, na misuli hubaki na njaa yake.

Chakula ninachokitetea kuliko vyote, hata hivyo, ni mukene, hawa dagaa wa Ziwa Victoria. Wakikauka, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa huliwa wazima na mifupa yao, humpa kijana anayerefuka kalisiamu pia. Sehemu kubwa ya mukene huishia kwenye chakula cha kuku, na vijana huwaonea haya kwa sababu ya harufu. Chagua waliokaushwa juu ya vichanja au nyavu, si chini mchangani. Toa vichwa, osha, wakaange bila mafuta kwa moto mdogo hadi wavunjike kwa vidole, weka chumvi, changanya na karanga za kukaanga. Harufu hupungua sana, na mchanganyiko huo hukaa kwenye mkoba wa shule bila friji. Konzi moja ya karanga, gramu 30 hivi, ina protini gramu 7 au 8. Zilizokunjamana, zenye ukungu au uchungu zitupwe, kwani sumukuvu haiondoki yote kwa kukaangwa.

Nsenene, wale panzi wa kuliwa, nao wana protini nyingi, lakini msimu wao ni mfupi na bei yao haina huruma kwa mwanafunzi. Maziwa je? Pakiti ya nusu lita ina gramu 16 au zaidi, na humrudishia mchezaji maji aliyoyapoteza kwa jasho.

Kwa hiyo, mzazi, kabla hujalipia kopo la poda, ambalo mara nyingi hujui kwa hakika lina nini ndani, mpe kijana pesa ya yai la pili. Nanyi makocha, mruhusuni ale kabla ya kupanda taksi, maana foleni ya jioni Kampala inaweza kummalizia saa mbili nzima.