Ndoa Ipo, Ushahidi Uko Wapi?

Katika barua ya kukataliwa viza ya mwenza wa Uingereza kuna sentensi moja inayouma kuliko nyingine zote: ofisa hakuridhika kwamba uhusiano wenu ni wa kweli na unaendelea. Familia ikiisoma, hasira hutangulia. Mahari imetolewa, nikaha imefungwa mbele ya mashahidi, ukoo mzima umekula pilau, kisha mtu asiyetujua aje kusema hatujaoana? Lakini ofisa hakusema hivyo, na hapo ndipo majibu mengi yanapopotea. Kanuni zinazotumika tangu Julai 2012 zinatofautisha mambo mawili: ndoa kuwa halali, na uhusiano kuwa hai. Cheti cha RITA au cha kadhi kinamaliza la kwanza tu. Mwaka 2006 baraza la rufaa za uhamiaji, katika shauri lililotoka Ghana, lilieleza kwamba haitoshi ndoa kuwepo kisheria. Lazima itazamwe hali ya sasa kati ya mume na mke. Kwa hiyo anayerudisha cheti kilekile, safari hii kikiwa na muhuri wa wakili, amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Swali aliloulizwa hujibiwa vizuri zaidi na karatasi ambazo hakuna aliyezitengeneza kwa ajili ya viza. Muhuri wa uhamiaji kwenye pasipoti, tiketi ya ndege, rekodi ya simu na taarifa ya benki zilizaliwa katika shughuli nyingine, kabla ya mzozo, na aliyezitoa hana cha kupata viza ikitoka. Ndiyo maana zina uzito kuliko rundo la viapo vya mjomba, shemeji na mwenyekiti wa mtaa, vyote vikiwa vimeandikwa wiki moja baada ya barua kufika na vyote vikiwa na maneno yaleyale. Sisemi viapo havina kazi. Kiapo kinafaa kueleza kile ambacho karatasi haiwezi kukisema yenyewe, kwa mfano kwa nini kuna pengo la miezi minane bila safari.

Chukua taarifa ya M-Pesa, ambayo wengi wetu tunayo bila kuithamini. Kila mstari una tarehe, saa, kiasi na jina. Mume aliyeko Leicester anatuma fedha kila mwisho wa mwezi, na mke anazipokea Tanga. Mwaka mzima wa mistari hiyo unaonyesha mazoea ambayo ni vigumu kuyabuni kwa kurudi nyuma. Tatizo hujitokeza pale laini inapokuwa imesajiliwa kwa jina la kaka yake mke, jambo la kawaida sana kwetu. Ofisa anaona fedha zikienda kwa mwanamume asiyemfahamu, na ushahidi unageuka kuwa mashaka. Dawa yake ni fupi: kiapo cha kaka, nakala ya kitambulisho chake, na alama ya kalamu kwenye mistari inayohusika. Majina nayo yanataka uangalifu huohuo. Mohamed kwenye pasipoti, Muhammad kwenye cheti na jina la babu lililorukwa benki ni mtu mmoja kwetu, lakini kwa msomaji wa mbali wanaweza kuwa watatu.

Yapo malalamiko ya haki kwamba utaratibu huu umewekwa kwa ajili ya watu wenye akaunti ya pamoja na mkataba wa nyumba wenye majina mawili. Ni kweli maofisa wengine husoma hivyo. Hata hivyo, mwongozo wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza wenyewe unawataka wazingatie mila na dini, na unakiri kwamba katika jamii nyingine akaunti na bili za nyumba huwa kwa jina la mmoja tu. Tena kiwango cha uthibitisho si kile cha kesi ya jinai. Mzigo ni wa mwombaji, ila anatakiwa kuonyesha tu kwamba jambo lina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko kutokuwa. Baraza la Juu la rufaa za uhamiaji, katika uamuzi wake namba 41 wa mwaka 2012 kuhusu ndoa ya Sudan, lilisema hakuna aina maalumu ya ushahidi wa mapenzi inayolazimishwa. Kadi za simu zilizotumika zinaweza kuunga mkono maelezo ya wanandoa kwamba wanazungumza, hata kama hazionyeshi namba iliyopigwa, na si lazima wawe pia wanaandikiana barua.

Mtu anaweza kuuliza: kama kidogo kinatosha, kwa nini tuhangaike? Kwa sababu uamuzi huohuo uliweka sharti, kwamba pasiwe na jambo linalotia shaka nia ya wahusika. Mara nyingi kinachoiangusha familia ni mgongano zaidi ya uhaba. Ombi la viza ya matembezi la miaka iliyopita lilisema mwombaji hajaoa. Talaka ya ndoa ya kwanza ilitamkwa lakini haikuandikishwa. Tarehe ya harusi kwenye fomu inatofautiana na ya cheti. Kurasa mia nne za WhatsApp hazizibi nyufa hizo. Ofisa hatazisoma, na zikiwa kwa Kiswahili bila tafsiri hawezi hata akitaka. Afadhali kuchagua mazungumzo machache ya kila mwezi, namba na tarehe zikionekana, kisha yatafsiriwe na mtu atakayethibitisha usahihi wake na kuweka jina, sahihi, tarehe na mawasiliano yake. Kuhusu mgongano wenyewe, ni kuutaja na kuueleza waziwazi. Hati ya kughushi ya kuuficha inatosha peke yake kuleta kukataliwa kupya.

Baada ya hapo linabaki swali la rufaa au ombi jipya. Aliye nje ya Uingereza ana siku 28 za kukata rufaa tangu apokee uamuzi, kwa msingi wa haki ya maisha ya familia. Wengi huamini rufaa hufungwa na karatasi za mwanzo, lakini sheria ya uhamiaji ya Uingereza ya mwaka 2002 inaliruhusu baraza kupokea hata ushahidi uliopatikana baada ya uamuzi. Na upande wa serikali ukiona bahasha mpya, unaweza kuuondoa uamuzi wake kabla ya kesi kusikilizwa. Ubaya wa rufaa ni kusubiri, pengine miezi mingi. Ombi jipya laweza kuwa la haraka, ila ada hulipwa upya, pauni 1,938 kwa viwango vya Aprili 2025, na ile ya kwanza hairudi. Inayorudishwa ni tozo ya afya. Mdhamini naye atapimwa tena kipato, na kima cha pauni 29,000 kwa mwaka kilichowekwa Aprili 2024 kimewazidi wengi. Ikiwa ushahidi ulikuwepo tangu mwanzo na ofisa akaupuuza, ningekata rufaa. Ikiwa bahasha ya kwanza ilikuwa na cheti na picha za harusi tu, na kipato kinatosha, ningeomba upya, nikitaja kukataliwa kwa kwanza na kujibu hoja zake aya kwa aya.