Kwa nini askari wa amani hawafiki kila kijiji

Mara nyingi tunaulizwa: kwa nini askari kutoka ng'ambo wanalinda mji, lakini vijiji vinabaki bila ulinzi? Tuchukue mfano wa Bunia, Ituri.

Mwezi wa Juni 2003 Umoja wa Ulaya ulituma jeshi lililoitwa Artemis, likiongozwa na Ufaransa, kutoka umbali wa karibu kilomita 6,000. Uwanja wa ndege wa Bunia haukuweza kupokea ndege kubwa kabisa. Hizo zilitua Entebbe, Uganda, na mizigo ikahamishiwa kwenye ndege ndogo zaidi. Mamia ya askari walibaki huko wakishughulikia usafirishaji. Maana kila askari anahitaji maji, chakula, mafuta na dawa, na barabara za Ituri zilikuwa mbaya.

Kwa hiyo walilinda Bunia na kambi za waliokimbia. Nje ya mji mauaji yaliendelea. Tarehe 1 Septemba 2003 walikabidhi kazi kwa MONUC.

Viongozi, kabla ya kuambia familia zirudi nyumbani, ulizeni: askari wanafika wapi, kwa njia gani, na hadi lini? Lakini mazungumzo na majirani yasingoje ndege.