Kuosha Gari kwa Dakika za Kununua

Katika miji mingi ya Marekani, kando ya barabara kuu na jirani na vituo vya mafuta, yapo majengo marefu yasiyo na milango, yaliyogawanywa kwa kuta katika vibanda kadhaa, ambamo mwenye gari huingia, hutumbukiza sarafu au hupitisha kadi kwenye mashine, kisha huosha gari lake kwa mikono yake mwenyewe. Mpangilio huu ni tofauti na ule uliozoeleka Nairobi au Dar es Salaam, ambako gari huachiwa vijana wa kuosha na mwenyewe akaenda kukaa kivulini, pengine akaagiza na nyama choma. Kituo cha kujihudumia hakiuzi kazi ya kuosha, bali huuza dakika za maji na sabuni, na saa ya mashine huanza kuhesabu mara tu malipo yanapopokewa. Madhara mengi yanayoyapata magari katika vibanda hivyo, na wakati mwingine wenye magari pia, chanzo chake ni saa hiyo, kwa sababu anayeona dakika zikiyoyoma hushawishika kuruka hatua, kusogeza mtutu wa maji karibu kupita kiasi na kusugua uchafu uliopaswa kwanza kulowa.

Ubaya wa haraka hiyo hueleweka vizuri zaidi kwa kutazama jinsi rangi ya gari ilivyoundwa. Bati la gari la kisasa hupakwa kwanza dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi ya msingi, kisha rangi inayoonekana, na juu ya yote hayo hupakwa vanishi angavu, ambayo ndiyo inayoleta mng’ao na kuikinga rangi dhidi ya jua. Vanishi hiyo kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, mikroni ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo mara nyingi ni nyembamba kuliko unywele wa binadamu. Chembe ya mchanga, ambayo ni ngumu kuliko vanishi, ikiburutwa chini ya kitambaa au brashi huacha mkwaruzo, na mikwaruzo hiyo ikirundikana huonekana juani kama utando wa buibui, hasa kwenye magari meusi. Wengi hudhani kwamba rangi imezeeka, kumbe imechakazwa na kuoshwa.

Kwa msingi huo, kifaa cha kutiliwa shaka kuliko vyote kibandani ni brashi ya povu inayoning’inia ukutani. Brashi hiyo inaweza kuwa imetoka kusugua magurudumu ya lori lililojaa tope, na povu jeupe linaloifunika halithibitishi kwamba nywele zake hazina mchanga. Lililo salama ni kuiacha palepale ilipo, au kuitumia kwa rimu tu baada ya kuipiga maji ya nguvu mpaka yanayotoka yawe safi. Mwenye kujali rangi yake huja na glavu ya mikrofaiba, yaani kitambaa cha nyuzi laini mno, pamoja na ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia glavu kila baada ya kuosha sehemu moja. Vipo vituo vinavyokataza ndoo, kwa hiyo kibao cha masharti kinafaa kusomwa kabla ya kulipa.

Kwa kweli mengi yanafaa kufanywa kabla ya kulipa. Injini na breki zipewe muda wa kupoa, kwa kuwa sabuni hukaukia upesi juu ya bati lenye joto na kuacha madoa. Madirisha yafungwe, na wipa zinazojiwasha zenyewe zizimwe. Magari ya umeme yanahitaji uangalifu wa ziada kidogo: kifuniko cha tundu la kuchajia lazima kiwe kimefungwa, na magari ya Tesla yana mpangilio maalumu wa kuoshea ambao hufunga madirisha, hukaza kifuniko hicho na kuzuia wipa zisijiwashe. Mtutu nao ushikwe imara kwanza, ndipo mashine iwashwe, kwani maji yakija kwa ghafla mpira huruka na unaweza kugonga gari au mtu.

Kinachofuata ni hatua ambayo wenye haraka huiruka, nayo ndiyo yenye thamani kuliko zote. Gari humwagiwa dawa ya kulowesha, ambayo ni sabuni nyepesi ya kulegeza uchafu, kisha huachwa kwa dakika moja au mbili bila kuguswa wala kuachwa likauke. Kwa kuwa katika vituo vingi saa huendelea kuhesabu hata maji yakisimamishwa, walio wazoefu hununua muda mfupi wa dawa hiyo, huuacha uishe wakati uchafu unalowa, kisha hulipa tena kwa ajili ya maji ya nguvu. Gharama huongezeka kidogo, na pengine dereva anayesubiri nyuma hukunja uso, lakini mchanga mwingi huondoka kabla ya glavu kugusa rangi.

Maji hayo ya nguvu hutoka kwa kanieneo, yaani nguvu ya msukumo katika kila inchi ya mraba, ya takriban pauni 1,000 hadi 1,200, ambayo ni zaidi ya mara kumi ya ile ya bomba la nyumbani. Mtutu ukae umbali wa sentimita 30 hivi kutoka kwenye bati, na mbali zaidi penye rangi iliyobanduka, stika, kamera au mipira ya milango. Ubavu wa tairi haupaswi kupigwa kwa karibu, kwa sababu unaweza kudhoofika ndani bila alama kuonekana nje, na nyaya zilizo chini ya boneti hazikuundwa kuhimili mkondo wa aina hiyo. Mwili wa binadamu hauhimili pia: maji hayo yanaweza kutoboa ngozi na kupenya hadi kwenye nyama, yakiacha nje kitundu kidogo kisichotisha huku ndani pakiwa pameharibika, jambo linalohitaji hospitali bila kusubiri maumivu. Kuondoa tope miguuni kwa mtutu huo, au kumwachia mtoto auchezee, ni hatari isiyostahili kujaribiwa.

Katika majimbo ya baridi kama Minnesota, ambako wapo pia wasemaji wa Kiswahili, chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, nayo hunata chini ya gari na kuharakisha kutu. Huko, uvungu na matao ya magurudumu huhitaji maji mengi kuliko paa. Kibanda kina faida nyingine hapo, kwani maji yake machafu kwa kawaida hupita kwenye shimo la kunasa mchanga na mafuta kabla ya kwenda kwenye mfumo wa majitaka, ilhali yanayotiririka barabarani kutoka uani mara nyingi huingia kwenye mifereji ya mvua na kufika mtoni bila kusafishwa.

Suuzo la mwisho huwa ni la maji yaliyochujwa kwa utando unaoondoa karibu chumvi zote zilizoyeyuka, hivyo yanapokauka hayaachi madoa meupe. Gari linaweza kusogezwa pembeni likafutwa kwa taulo laini, kwani huko hakuna saa inayohesabu. Kwenye baridi kali mipira ya milango ifutwe vizuri, la sivyo maji huganda na mlango ukang’ang’ania. Na dereva akitoka akanyage breki polepole mara kadhaa ili diski zikauke kabla ya kuingia barabara kuu.